Doktora ya mawasiliano: darasa liko Kinshasa, njia iko wapi?

Asistanti anayefundisha mawasiliano huku mashariki hawezi kuwa profesa bila teze ya udaktari. Zamani, mbele ya teze, alipaswa kwanza kupita DEA: masomo, mitihani na memwari. Teze mtu anaweza kuiandika akiwa Goma ao Bukavu. Masomo, hapana, lazima kuketi darasani, na kwa fani hii wengi wanatazama ile IFASIC ya Kinshasa, sasa UNISIC.

Mfumo wa LMD, ulioanza 2021-2022, umepanga lisansi miaka tatu, masta mbili, doktora tatu. Kwenye karatasi ni sawa kabisa. Lakini uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Kwa mshahara wa asistanti, nani atalipa minervali, nyumba ya kupanga, tena safari ya kuzungukia nchi jirani?