Ibilisi Hana Makao Porini

Hapa Kolwezi bado tunasikia watu wakisema kwamba pori la miombo ni makao ya Ibilisi, na kwamba mtoto msumbufu ametumwa kutoka huko. Tunakataa.

Wapuritani waliohamia Massachusetts mwaka 1630 waliamini vivyo hivyo juu ya msitu uliozunguka mashamba yao. Hofu yao haikubaki msituni, iliingia vijijini. Mwaka 1692, huko Salem, watu 19 walinyongwa kwa shtaka la uchawi, na baadhi yao walisali kanisa moja na washtaki wao.

Kwetu anayelipa ni mtoto. Baba akifa, au kazi ya mgodi ikikosekana, yatima huitwa mchawi na kufukuzwa nyumbani. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemshtaki mtoto hivyo.

Bwana Yesu alijaribiwa jangwani siku 40, ni kweli. Lakini humo humo malaika walimtumikia. Na miombo hutulisha uyoga na asali. Basi anayemtafuta Ibilisi na aanzie moyoni mwake mwenyewe, amwache mtoto alale nyumbani.