Mlinzi Mwenye Toroli

Wahenga walinena: mdharau mwiba mguu huota tende. Mjini, mwiba huo ni taka, na wako wanaomdharau hata mzoa taka mwenyewe. Lakini yeye naye yumo lindoni, kama ithibitishavyo hali ya mwambao wa Ziwa Mweru, ambalo Zambia inagawana na Kongo.

Mji wa Nchelenge na jirani yake Kashikishi huishi kwa uvuvi. Samaki wadogo waitwao chisense, mfano wa dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, na kukipambazuka huanikwa mchangani. Maji ya ziwa hilo hilo hunywewa, hupikiwa na kufulia nguo. Taka zikiziba mtaro, mvua kubwa ikanyesha, maji hufurika hadi vyooni, kisha huteremsha uchafu visimani na ziwani. Hapo kipindupindu hupata njia. Maradhi hayo yamezuka mara kadhaa katika kambi za wavuvi wa mwambao huo.

Hasara yake yajulikana. Katika mlipuko ulioanza Oktoba 2023, watu zaidi ya 700 walifariki Zambia nzima. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2017, kipindupindu kilipoushambulia mji wa Lusaka, wanajeshi waliamriwa kusafisha mitaa na masoko. Askari walioacha bunduki wakashika mafagio na mabeleshi hawakushuka cheo. Waliendelea kulinda raia. Mwaka 2018 ikatungwa Sheria Namba 20 ya kusimamia taka ngumu.

Hata hivyo, jeshi huja siku ya hatari na kuondoka. Mzoa taka wa halmashauri huja kila siku. Kazi yake yataka nguvu, utaratibu na kujua hatari: kipi kizikwe, kipi kisichomwe, na jalala liwe mbali kiasi gani na maji. Anayeanza na toroli aweza kuwa msimamizi wa zamu, na akijiendeleza kimasomo aweza kuwa Bwana Afya. Kijana anayetafuta ajira asiione aibu kazi hiyo. Waajiri nao wampe mabuti, glavu na ujira kwa wakati, kwani mlinzi hapelekwi vitani mikono mitupu.

Familia, iwe kambini au uraiani, ina sehemu yake. Maganda ya ndizi na mihogo yatiwe katika shimo la mboji. Majivu yaachwe yapoe kabla ya kutupwa. Vipande vya chupa na nyembe vifungwe ndani ya kopo, visije vikamkata mzoaji. Nepi za mtoto zisitupwe mtaroni kamwe.

Na watoto wafundishwe kumwamkia mtu huyo apitapo: “Shikamoo, mzee.” Heshima hiyo haigharimu senti moja.