Kabla ya Pagola, Hati Iko Wapi?

Siku hizi ukialikwa bethidei Mbezi au Tegeta hupelekwi sebuleni. Unapelekwa nyuma ya nyumba, kwenye pagola: nguzo nne, mbao juu, maua yanatambaa, vitaa vinamulika. Raha tupu! Shosti akitoka hapo, kesho yake keshampigia fundi.

Mimi huwa nauliza kitu kimoja tu: kibali? Nachekwa. Eti kibali cha nini, kitu chenyewe hakina hata ukuta! Jamani, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 haikukaa kuhesabu kuta. Inasema ndani ya eneo la mipango usiendeleze ardhi bila idhini ya mamlaka. Kwa hiyo halmashauri kwanza, fundi baadaye. Wataangalia mchoro, umbali kutoka mpaka wa jirani, na uthibitisho kuwa kiwanja ni chenu. Kama nyuma yenu kuna mto au ufukwe, sahau: Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Usije ukaamka ukakuta X nyekundu kwenye nguzo zilizomeza hela yote ya mchezo.

Sasa, hapo kwenye uthibitisho ndipo penye mambo. Mama kacheza upatu mwaka mzima, pagola analipa yeye, kumbe ombi linataka hati, na hati ina jina la baba watoto peke yake. Wengine ndiyo siku ya kwanza kuiona! (Na nyie akina baba, hati ya nyumba si siri ya jeshi.)

Usinune, shosti. Sheria ya Ardhi ya 1999 inamtambua mwenzi ambaye jina lake halimo kwenye hati lakini amechangia kwa jasho lake kuitunza na kuiboresha ardhi hiyo. Anahesabiwa kuwa na haki ndani yake. Na kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa.

Mwombe hati kwa upole, nendeni halmashauri wote wawili. Stakabadhi za mbao na saruji ziandikwe jina lako, uzitie bahasha moja na nakala ya kibali. Akiuliza bahasha ya nini, mwambie ya pagola.