Siku za Hospitali Ziandikwe Kwanza

Wakulima wenzangu wa skimu,

Kazi yangu ni ukarani katika afisi ya kilimo. Kila siku naandika: nani amechukua mbolea, nani ameomba mbegu, ng'ombe wa nani watachanjwa lini. Daftari hufundisha jambo moja, kwamba siku isiyoandikwa husahauliwa, na kazi isiyopewa mtu haifanywi. Nasema hivyo ndivyo ilivyo pia mke anapougua kansa ya titi.

Kansa hii, au saratani, ndiyo inayowapata wanawake wengi wa Kenya kuliko kansa nyingine yoyote. Ikigunduliwa mapema hutibika, lakini matibabu yake si ya siku moja. Yaweza kuwa upasuaji, na dawa za kemotherapia zitiwazo katika mshipa, mara nyingi kila baada ya siku 21, kwa miezi kadhaa. Wengine hupewa na mionzi, siku 5 kwa juma, kwa majuma kadhaa, kisha vidonge vya miaka 5 au zaidi. Tena mashine za mionzi hazipo katika kila hospitali. Wengi hutumwa Nakuru, Eldoret au Nairobi.

Wako waume wasemao, "Maradhi ya wanawake ni mambo ya wanawake," wakamwachia mama mkwe mgonjwa. Wengine husema, "Tuvune kwanza, ndipo aende." Hayo si maneno ya mkulima mwenye akili. Kansa haingoji mavuno. Na matibabu yaliyoachwa katikati ni kama kuogesha ng'ombe upande mmoja: kupe wamebaki.

Basi mume afanye nini?

Kwanza, chukua kalenda, uandike siku za hospitali kabla ya siku za kulima na kupalilia. Siku hizo uende pamoja naye, uingie kwa daktari, usikie kwa masikio yako.

Pili, gawa kazi zake. Ni nani aliyekama alfajiri, akateka maji, akakata nepia? Andika jina la mtu mbele ya kila kazi, na jina lako liwe la kwanza. Baada ya upasuaji asibebe debe la maji wala mzigo wa kuni mpaka daktari aruhusu. Lakini mazoezi ya mkono aliyopewa ayafanye.

Tatu, nunua kipimajoto. Kemotherapia hupunguza nguvu za mwili za kupigana na magonjwa. Homa ikifika nyuzi 38, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali saa ile ile.

Nne, tengeneza mambo ya fedha mapema. Tangu Oktoba 2024, SHA imechukua mahali pa NHIF, na mkulima asiye na mshahara hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Tenga fedha za maziwa kwa ajili hiyo sasa, wakati wote nyumbani ni wazima. Akiwa mgonjwa, uliza hospitali ni kiasi gani kitalipwa kabla hujauza kitu. Ikibidi kuuza, auzwe mtamba, wala shamba lisiguswe bila shauri lake.

Tano, angalia maneno yako. Huenda nywele zikaanguka, huenda titi likaondolewa, naye ataona haya hata mbele yako. Nywele kwa kawaida huota tena. Lakini neno la dharau la mume halisahauliki upesi. Mwambie wazi kwamba yeye ni mke wako kama jana.

Najua mtauliza: "Na shamba je?" Ni kweli, huenda mwaka huu mavuno yakapungua. Aliyezoea kulima eka 4 alime 2, na asione aibu kwa jirani. Eka zilizolala zitakuwapo mwakani. Mkeo akikosa dawa zake kwa sababu ya eka hizo, mwakani utazilima na nani?