Maji Kwanza, Moto Baadaye

Mto Lualaba wapita karibu na Kolwezi, kisha waingia katika magenge ya Nzilo, mahali ambapo hakuna chombo kiwezacho kupita. Ukifika Bukama ndipo watulia. Kutoka Bukama hata Kongolo, mwendo wa kilometa zaidi ya 600, merikebu zaweza kusafiri. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na kwa miaka mingi merikebu za moshi, zenye kuchoma kuni, zilipokea hapo watu na mizigo na kuishusha mtoni.

Merikebu hizo zimekwisha zamani. Hata ile Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, iliondolewa mashine zake za mvuke katika miaka ya 1970 na kutiwa za dizeli. Basi huenda msomaji akauliza: Kijana wa leo ana haja gani ya kujifunza mvuke? Huko Uingereza na nchi nyingine wako watu wengi, wazee kwa vijana, wenye karakana ndogo nyuma ya nyumba zao, ambao huunda kwa mikono yao mashine za mvuke za kuendeshea mashua. Hawafanyi hivyo kwa sababu ya njaa. Wapenda tu kuona kazi ya akili na ya mikono ikigeuka mwendo. Sisi twaona kwamba kazi hiyo yawafaa pia vijana wa nchi ya shaba, pengine kuliko wengine wote. Lakini ina sharti zake, na nia yetu leo ni kuzieleza kwa wazazi na kwa vijana wao.

Kwanza yafaa tujue jinsi mashine hiyo ifanyavyo kazi. Maji yachemka ndani ya boila, yaani chombo cha chuma au cha shaba kilichofungwa pande zote. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya kawaida yataka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Ikinyimwa nafasi hiyo, yasukuma. Mvuke wapita katika bomba mpaka ndani ya silinda, wasukuma pistoni, na pistoni yazungusha mkono wa gurudumu zito. Gurudumu lageuza rafadha, na mashua yaenda. Kwa anayeanza, mashine iliyo rahisi ni ile ambayo silinda yenyewe hucheza huku na huku, na kwa kucheza kwake hufungua na kufunga matundu ya mvuke. Fundi mwenye tupa, jiliwa, keekee na mashine ndogo ya kukerezea aweza kuimaliza kwa majuma machache.

Watu wakiona mashine kama hiyo huisifu pistoni ikimbiayo na gurudumu ling'aalo. Boila hakuna aitazamaye, kwa maana imekaa kimya. Kumbe nguvu yote imo humo, na hatari yote pia.

Kwa kutengeneza boila ndogo, mafundi wengi huchagua shaba nyekundu. Shaba hupitisha moto upesi, kama mara 7 kuliko chuma cha kawaida, wala hailiwi na kutu. Tena yakubali kufuliwa. Ukiipiga nyundo sana yawa ngumu, na ukiendelea itapasuka; lakini ukiirudisha motoni mpaka iwe nyekundu, kisha ukaiacha ipoe, yalainika tena. Maarifa ya namna hiyo si mageni katika nchi hii. Mababu waliyeyusha mawe ya shaba katika tanuri za udongo wa vichuguu, wakivuta mivukuto, nao wakapata ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha katika biashara. Wazungu waliandika habari zao kwa jina la “walaji wa shaba”. Mjukuu wa watu hao hana sababu ya kuogopa nyundo na tanuri.

Lakini shaba njema haitoshi kama viungo vyake ni vibaya. Hapa ndipo vijana wengi waweza kuangamia. Lehemu ya kawaida, ile ya bati na risasi, ni rahisi kutumia, nayo huyeyuka kabla ya kufika digrii 200. Mvuke wenye nguvu ya kufanya kazi wafika kwa urahisi digrii 170, na maji yakipungua, moto huipasha ile shaba kavu kupita hapo kwa muda mfupi sana. Kiungo chafunguka ghafula. Wakati huo sehemu ya maji yaliyobaki, kwa kuwa yamepita kiasi cha kuchemka, yageuka mvuke mara moja. Huo ndio mlipuko. Kwa sababu hiyo boila huungwa kwa lehemu ya fedha, ambayo huyeyuka baada ya kupita digrii 600. Lehemu hiyo ni ghali, na baadhi ya namna zake zina kadimiamu, ambayo moshi wake ni sumu kwa mapafu. Basi aitumie fundi mjuzi, tena nje penye hewa.

Boila ikimalizika isiwashwe moto siku hiyo. Ijazwe maji baridi pomoni, pasibaki hewa hata kidogo, kisha maji yasukumwe kwa pampu mpaka msukumo uwe mara mbili ya ule utakaotumika kazini. Maji baridi hayatanuki kama mvuke; kiungo kikiachia, yatavuja tu, na fundi atalowa badala ya kuungua. Iwe na vali ya usalama, ifunguke yenyewe mvuke ukizidi. Iwe na bomba la kioo la kuonyesha kimo cha maji, na geji ya kuonyesha msukumo. Mtu asiyeweza kupata vitu hivyo asiunde boila. Watu husema kwamba ajali haina kinga. Kwa habari ya boila usemi huo si kweli: kinga yake yajulikana, na wenye kuumia ni wale walioiona gharama yake kuwa kubwa.

Liko neno jingine, nalo lawahusu wazazi. Shaba yatoka wapi? Katika miji ya migodi nyaya hukatwa usiku na kuuzwa kwa siri. Kila waya ukatwao umezima taa au pampu ya maji ya watu fulani, na mara nyingine umemuua yule aliyeukata. Mzazi akiona shaba mpya mkononi mwa mwanawe, na amwulize alikoipata, wala asiridhike na jibu la mkato. Hata bomba kuukuu lililonunuliwa kwa halali lina neno: huenda limeliwa ndani, nawe waona unene wa nje tu.

Tena vijana wakumbuke habari ya mwaka 1915. Waingereza walileta kwa reli kutoka Cape mashua mbili za vita, zilizoitwa kwa Kifaransa Mimi na Toutou, wapate kupigana na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Reli ilikoma Fungurume, mashariki ya Kolwezi. Kutoka hapo mashua hizo zilivutwa juu ya milima ya Mitumba na magari mawili ya mvuke, pamoja na maksai na mamia ya watu waliokata njia na kujenga madaraja. Magari hayo yalikunywa maji kupita kiasi, na nchi ilikuwa kavu. Walioyaokoa ni wanawake waliobeba maji kwa vyombo vyao. Vitabu vyamtaja kamanda; majina ya wanawake hao hayakuandikwa. Lakini bila maji yao, magari yale yangalikuwa chuma kitupu njiani.

Kwa hiyo ninyi vijana, msianze na boila. Anzeni na mashua ya mshumaa, ambayo Thomas Piot aliiandikishia haki mwaka 1891. Ni kopo dogo bapa lenye mirija miwili itokayo nyuma, chini ya maji. Ujaze maji, uwashe mshumaa chini ya kopo. Mvuke wayasukuma maji nje, kisha wapoa, na maji yarudi ndani. Hivyo tena na tena, na mashua yaenda ikilia taka-taka-taka. Mirija yake ni wazi, basi mvuke haupati mahali pa kufungiwa. Kijana akiunda tatu za namna hiyo, ya tatu ikiwa safi kuliko ya kwanza, hapo na aende kwa fundi aombe kushika nyundo. Na akifika siku ya boila yake mwenyewe, atazame kile kioo kabla ya kugusa kiberiti.