Mbwa anayelia ndani hana kiburi, ana hofu

Wengi wetu tunaoishi hapa Uingereza tulikulia kwenye nyumba ambako mbwa alilala nje, akalinda boma na kula makombo. Hakuna aliyejiuliza kama mbwa huona upweke, kwani uani palikuwa na watu kutwa kucha. Watoto wetu wa ughaibuni wamekua na mazoea mengine. Baadhi yao walipata mbwa wao mwaka 2020, wakati wa korona, nyumba ilipojaa watu asubuhi hadi jioni. Kisha kazi zikarudi, shule zikafunguliwa, na mnyama ambaye hajawahi kuachwa akafungiwa ndani ya fleti kutwa nzima.

Kilichofuata kinajulikana. Anabweka mpaka jirani analalamika, anaparura mlango, anakojoa juu ya zulia. Na hukumu yetu huwa moja tu: mbwa huyu ana kiburi, anatukomoa. Anapigwa. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni dhuluma, tena haina faida yoyote.

Wapo watakaosema: mbona nikiingia anainamisha kichwa, si anajua kosa lake? La hasha. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima jambo hili. Aligundua kwamba sura hiyo ya "kutubu" hutokana na kukaripiwa na mwenyewe, wala si kwa sababu mbwa amekosa kweli. Mbwa anasoma hasira usoni mwako. Ukimpiga unamwongezea hofu, na kesho atalia zaidi.

Basi tutamtambuaje mwenye hofu ya kuachwa? Acha simu inayorekodi video, kisha utoke. Mwenye hofu huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza: huzungukazunguka, huhema, hutokwa na udenda, hulia. Uharibifu wake huwa mlangoni na madirishani, pale ulipopitia. Hata nyama uliyomwachia huenda asiiguse. Mbwa aliyechoshwa na kukaa bure ni tofauti. Huyo hutafuna viatu na mito, na chakula anakula vizuri. Na anayekojoa ovyo aonwe kwanza na daktari wa mifugo, isije ikawa ni maradhi.

Dawa yake kubwa ni subira. Haba na haba hujaza kibaba. Shika funguo, kisha keti tena, mpaka mlio wa funguo usimshtue. Toka nje kwa sekunde chache, urudi kabla hajaanza kulia. Kesho ongeza kidogo. Akilia, umekwenda haraka mno, rudi nyuma. Katika wiki hizo asiachwe peke yake kupita uwezo wake, na hapa ndipo jamaa na majirani wanapohitajika. Hofu ikiwa kali, daktari anaweza kuandika dawa kama klomipramini au fluoksetini, ambayo Marekani iliidhinisha kwa mbwa wenye tatizo hili mwaka 2007. Lakini dawa husaidia mafunzo, haichukui nafasi yake. Kuongeza mbwa wa pili si tiba ya uhakika, kwani mara nyingi anayeliliwa ni binadamu.

Jambo hili si la mzaha. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, ya Uingereza na Wales, inamtaka mwenye mnyama atimize mahitaji yake na kumkinga na mateso. Shirika la RSPCA linashauri mbwa asiachwe zaidi ya saa nne. Kelele zikizidi, halmashauri ina uwezo wa kukupa amri ya kuzikomesha, na mpangaji anajua hatari ya kugombana na mwenye nyumba.

Kwa hiyo ndugu zangu, tuambiane ukweli. Anayefanya shifti mbili na hana mtu nyumbani asichukue mbwa kwa sababu tu mtoto amelia. Na ambaye ameshamchukua asimtupe wala asimpige, amfundishe. Sisi tulioacha makwetu, wengine kwa kupenda na wengine kwa kulazimishwa, hatuhitaji kuelezwa maana ya kukaa nyuma ya mlango ukisubiri nyayo za mtu unayemjua.