Ulinzi wa pwani: F-7 ina mbio, ila haikai angani
Agosti 2024, wanajeshi wa Tanzania, China na Msumbiji walikuwa Mapinga, Bagamoyo, kwenye mazoezi ya kupambana na ugaidi. Je, ndege gani inafaa kulinda pwani hii?

F-7 za JWTZ ni ndege vita za China zilizotokana na MiG-21 ya Kisovieti, muundo wa miaka ya 1950. Injini moja na mabawa mafupi ya pembetatu ni ya kupaa fasta, kumzuia adui na kurudi kambini. Inafika mara mbili ya kasi ya sauti, lakini mafuta hayachukui muda.

Boti ndogo ya magaidi haihitaji mbio hizo. Inahitaji ndege isiyo na rubani, yenye mabawa marefu membamba, ikizunguka baharini saa nyingi bila kuchoka. Kabla ya kununua, tuulize kwanza inakaa angani muda gani.